Sakafu ya Kupiga Kelele

Nyumba za Texas hazina chini. Ukifika sebuleni umefika. Chini yako ni zege, na chini ya zege ni udongo mweusi ambao wakati wa joto unapasuka nyufa za kumeza kijiko. Mimi niliangusha ufunguo wa mlango wa nyuma. Uko huko mpaka leo.

Nasema hivyo kwa sababu mkwe wangu Annick alikaa wiki nzima anamtazama kwenye simu mwanamke mmoja wa Ohio, huko ambako nyumba zina chumba chini ya ardhi. Mwanamke yule alikuwa ametoa mabomba mabovu na magodoro ya zamani, akapaka rangi, akatandika, akapata ukumbi mzima wa watoto kuchezea. Na hela aliyotumia haifiki hata ya kununua kochi.

"Mama, ona," Annick akaniambia. "Tungekuwa na chumba cha chini na sisi…"

"Nileteeni jembe," nikasema. "Kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma nilichimba choo cha futi kumi na mbili nikiwa na malaria, na huyo mume wako amekaa juu ya kichuguu ananihesabia ndoo. Chumba cha watoto kitanishinda?"

Annick alicheka. Mwanangu Léonidas hakucheka. Ananijua. Alitoka nyuma ya nyumba, akalichukua jembe, akalifungia kwenye buti la gari.

Basi jembe likaenda kazini kila siku, likarudi jioni, na mimi nikabaki na shida yangu. Shida yenyewe ilikuwa visigino vya mjukuu wangu Keza.

Kabla ya kununua nyumba hii ya Fort Worth tulikuwa Irving, kwenye ghorofa la kupanga karibu na uwanja wa ndege. Ndege zilipita juu yetu mpaka vikombe vinagongana kabatini, na sikuwahi kusikia mtu akizilalamikia. Lakini mtoto akikimbia kutoka chumbani kwenda chooni, mzee wa chini anachukua ufagio, anagonga dari lake kwa mpini. Ko, ko, ko. Akishagonga mara tatu, kesho yake meneja analeta karatasi. Annick alikuwa anafanya kazi hotelini, usiku kucha anafua mashuka ya wengine, na zile karatasi zilimtetemesha. Akamfundisha mtoto: "Kanyaga kwa vidole, mama. Polepole. Kuna mtu chini." Keza alikuwa na miaka mitatu. Akajifunza. Akajifunza vizuri kuliko tulivyotaka.

Sasa tuko kwenye nyumba yetu tangu mwaka elfu mbili na kumi na saba, hakuna mtu chini, na mtoto ana miaka saba anatembea kwa ncha za vidole kama mwizi wa kuku. Mwalimu aliandika barua. Daktari alipima akasema mifupa mizima, misuli mizima, ni mazoea tu. Lakini akaongeza kwamba mshipa wa nyuma ya kisigino umeanza kukaza. Tumrudishe mwezi wa sita. Kama bado hakanyagi chini, miguu yote miwili itatiwa plasta, na plasta isiposaidia, kisu.

Waliporudi nyumbani wazazi wake wakaanza kumwambia mtoto, "Keza, visigino! Keza, visigino!" asubuhi, mchana, jioni. Mtoto akawa anatembea kwa vidole na machozi.

Mimi nilikuwa na sababu nyingine pia, na siifichi. Daktari wangu amenikataza sukari. Kopo la sukari liko juu ya friji. Kila nikipandia kigoda na kijiko changu, nikigeuka, Keza yuko nyuma yangu. Hajasikika kuja. Ananitazama tu, halafu kwa Kiingereza anaita, "Mama! Bibi yuko kwenye kopo tena!" Mtu wa miaka sitini na tisa anakamatwa ndani ya nyumba ya mwanawe kama panya. Nikasema hapana. Mtoto huyu lazima asikike.

Siku moja ya mwezi wa pili nilisimama kwenye mlango wa gereji. Nyumba za huku gari lina chumba chake, kikubwa kuliko nyumba niliyozalia watoto wanne. Ndani mlikuwa na gari la Léonidas, friji mbovu, masanduku tuliyotoka nayo Irving hatujafungua, na mti wa Krismasi wa plastiki umelala chali.

"Léonidas," nikamwita. "Gari lina chumba. Mwanao hana."

"Mwanangu ana chumba, Mama."

"Ana chumba cha kulala. Namtafutia cha kukanyaga."

Akajua nakokwenda. Akaingia ndani akatoka na kitabu cha chama cha mtaa. Huku ukinunua nyumba unaingia kwenye chama, upende usipende, na chama kina kitabu kinachokuambia urefu wa majani, rangi ya mlango, na siku ya kutoa pipa la takataka. Léonidas anakiweka kwenye droo moja na Biblia.

"Imeandikwa gereji ni ya gari," akasema. "Wakikuta tumeibadilisha wanatupiga faini. Mama, hapa siyo kambini."

"Kambini nilikuwa na pa kukanyaga," nikamjibu.

Alikifunga kitabu. Alikuwa ameshanunua nyumba kwa mgongo wake, miaka tisa ya kupakua mizigo ghalani, na kila barua yenye nembo ilimkausha mate. Nilimwelewa. Lakini kesho yake alipoenda kanisani na gari, nilitoa masanduku yote nikayapanga chumbani kwangu mpaka dirisha likafunikwa. Aliporudi akakuta nimekaa katikati ya gereji kwenye kiti, na fimbo, kama askari wa mpakani. Akaegesha nje.

Kazi ilianza hivyo. Ghala lake linatupa vitu vya kushangaza. Mizigo inakuja imefungwa mikanda ya plastiki, ya njano, ya kijani, ya bluu, wanaikata na kuitupa. Inakuja imekalia paleti, zile chaga za mbao, zikivunjika ubao mmoja wanazitupa. Nilimtuma aombe kwa bosi wake. Aliona aibu wiki mbili. Siku ya tatu baada ya kuomba, bosi mwenyewe alimsaidia kupakia.

Kusuka nilifundishwa na wanawake wa Kigoma. Wao wanasuka ukili, utepe mrefu wa miyaa, unashona ukili kwa ukili mpaka mkeka unatoka. Plastiki ya mizigo ni ngumu, inakata vidole, lakini haiozi na mtoto akiikojolea unafuta. Nilisuka Kwaresima nzima. Jirani yetu Moraa, nesi, Mkenya wa Kisii, akitoka zamu anakuja kukaa na mimi na sare yake ya hospitali, miguu ndani ya beseni.

"Ai, Bibi," akasema siku ya kwanza. "Hii si ni takataka?"

"Jana ilikuwa takataka. Leo umeikalia."

"Na hiyo rangi ukutani? Kwani nani alitapika?"

Rangi ilikuwa ya makosa. Kwenye duka la vifaa wana rafu ya makopo ambayo mtu aliagiza wachanganye, akaona, akakataa. Wanayauza karibu bure. Tuliyapata matatu, nikayamwaga pamoja. Ilitoka rangi ya papai lililosahauliwa. Bertrand, mdogo wake Keza, mwenye miaka minne, akasema ni nzuri sana, na kwa kuwa chumba ni cha kwake na dada yake, Moraa hakuwa na kura.

Chini nililaza maboksi ya friji, juu yake mikeka. Na pembeni, ukuta wa nyuma, ndipo nilipoweka kitu chenyewe. Paleti nne, Léonidas alizipigilia mbao juu, zikawa jukwaa. Alitaka kujaza katikati maboksi ili lisipige kelele.

"Ukijaza nalala humo humo," nikamwambia. "Acha tupu."

Jukwaa tupu ndani ni ngoma. Ukikanyaga, linasema. Bertrand alipanda akaruka mara moja, bu!, akashtuka, akacheka, akaruka mara hamsini. Keza alipanda baada yake. Akavua viatu. Akatembea kutoka mwisho hadi mwisho kwa ncha za vidole, na jukwaa halikutoa sauti hata ya mende.

"Ruka, mama," Annick akamwambia.

Keza akaniangalia mimi. Akauliza kwa Kiingereza, "Bibi, kuna nani chini?"

"Udongo," nikasema. "Na ufunguo wangu."

Hakuruka. Niliingia chooni nikawasha feni ili wasinisikie nikilia.

Barua ilikuja baada ya Pasaka. Léonidas aliisoma amesimama. Mtu fulani amelalamika kwamba tumegeuza gereji, na kuna kelele. Afisa wa chama atakuja kukagua Jumamosi, saa nne asubuhi.

"Tunabomoa," akasema.

"Tunakunja," nikasema.

Maana hilo ndilo ninalolijua duniani kuliko Kiingereza chote. Kambini walitukataza soko. Basi tulikuwa na soko la kukunja. Askari akionekana kwenye kona, mtoto anapiga mluzi, na kabla hajafika, unga uko chini ya kitanda, sabuni iko ndani ya kanga, na wanawake mia mbili wamekaa wanasukana nywele. Nilitia kamba kwenye mikeka yote ivingirishwe mara moja na kuning'inizwa. Maboksi yanateleza nyuma ya friji mbovu. Jukwaa Léonidas alilitia bawaba, linainuka na kusimama ukutani kama kabati. Alipiga misumari huku akisema hataki kushiriki. Nilimpa Keza kipenga. Tulifanya mazoezi kila siku jioni, na siku ya nne gari liliingia gerejini dakika sita tangu kipenga kilipolia. Watoto walidhani huo ndio mchezo wenyewe.

Basi tuko tayari kwa Jumamosi. Afisa akaja Alhamisi.

Nilikuwa peke yangu na watoto wawili. Gari liko kazini na Léonidas, Annick amelala baada ya zamu. Nasikia mtu anasema "Helo?" Natoka. Mwanamke wa makamo, kofia ya jua, na mkononi kibao cha kubania karatasi, na kalamu.

Nataka mnielewe. Nimeishi kambini miaka kumi na minne. Mtu mwenye kibao akija, anahesabu vichwa. Vichwa vikiwa vingi, posho inakuwa nyingi. Mtu mwenye kibao akionekana mwanzo wa safu, unaita watoto wa dada yako, wa jirani, wa mtu usiyemjua, unawapanga mbele ya mlango umewapaka mafuta, na unasema ni wangu wote. Unafanya hivyo miaka kumi na minne, hata ukilala unaweza. Kichwa changu hakikushauriwa. Mkono ulichukua kipenga kwa Keza na kupuliza.

Wakaja. Watatu wa jirani Mmeksiko wa kushoto, wawili wa Moraa, na wanne waliokuwa wanaendesha baiskeli barabarani ambao hata leo sijui mama zao. Niliwapanga kwa urefu, Keza na Bertrand katikati. Nikawafuta pua kwa upindo wa kitenge.

Yule mwanamke akawatazama, akanitazama. Akaniuliza polepole, kwa sauti kubwa, kama wanavyotuuliza, "Wote wako?"

Kiingereza hicho nakijua. "Yes!" nikasema. "Wote wangu! Kila siku!"

Akaandika. Akaandika sana. Nilifurahi jinsi alivyokuwa anaandika. Alipoondoka nikawapa watoto ndizi moja moja nikasema moyoni, Apolonia, bado umo.

Moraa alifika jioni nikamsimulia. Alianza kucheka amesimama, akamaliza amekaa kwenye zege.

"Bibi! Wee! Umemwambia una watoto kumi na mmoja kwa gereji? Kila siku?"

"Mbona? Kadi yetu ya posho ingeongezwa."

"Kadi gani! Huyo ameenda kuandika eti unaendesha biashara ya kulea watoto bila leseni!"

Ndivyo ilivyokuwa. Barua ya pili ilikuwa na kurasa mbili. Gereji imegeuzwa, biashara inaendeshwa, kelele inasumbua. Afisa atarudi Jumamosi ya pili yake, atoe uamuzi.

Léonidas hakunifokea. Afadhali angefoka. Alikaa mezani na ile barua, akasema taratibu, "Mama, umetumaliza." Halafu akaenda gerejini, akavingirisha mikeka, akainua jukwaa, akalifunga kwa mnyororo na kufuli, akaingiza gari. Ufunguo akautia mfukoni.

Keza alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Hatukumsikia kufika, kama kawaida.

"Ni kwa sababu tulipiga kelele?" akauliza.

"Siyo wewe," Annick akasema.

"Mimi sikupiga kelele," Keza akasema. "Nilikanyaga kwa vidole. Nitamwambia Bertrand naye akanyage kwa vidole."

Léonidas akainamisha kichwa. Mimi nilipata hasira ambayo sikuwa nimeipata tangu siku walipotuambia kambi inafungwa, rudini kwenu. Nikapandia kigoda mbele yao wote, nikachukua kopo, nikatia sukari vijiko vitatu kwenye chai yangu.

Moraa alipokuja nikamtupia mapajani kile kitabu cha chama cha mtaa. "Wewe umesoma. Nisomee."

"Kitabu chote, Bibi? Nimetoka zamu ya masaa kumi na mawili."

"Cha gereji na cha kelele. Miguu weka kwenye beseni."

Akasoma. Kanuni ya gereji haikusema mtoto asikae humo. Ilisema gereji lazima iweze kupokea gari, na gari lilale ndani usiku. Nilimfanya asome mara tatu. Kila mara lilikuwa neno lile lile. Ya kelele ilikuwa fupi zaidi.

Jumamosi ile nilivaa kitenge cha harusi ya Léonidas. Nilimwambia mwanangu anipe ufunguo wa kufuli. Akasema tungoje tuone huyo mama anasemaje. Nikasema, "Nipe, au nichukue jembe." Akanipa.

Afisa akaja saa nne kamili na kibao chake. Safari hii akasema jina lake, Natalia. Moraa alikuja kunitafsiria. Annick alisimama mlangoni amemshika Keza bega. Léonidas alivaa shati la kanisani, mikono nyuma, kama mtoto aliyeitwa ofisi ya mwalimu mkuu.

"Mwambie kwanza," nikamwambia Moraa, "wale kumi na mmoja. Wangu ni wawili. Wengine niliwaita kwa sababu ya kile kibao. Mwambie kambini ukihesabiwa wengi unakula. Mwambie mkono ulipuliza kipenga kabla sijafikiri, na kwamba wale wa baiskeli siwajui, waliondoka na ndizi zangu."

Moraa alieleza kwa kirefu. Natalia aliacha kuandika katikati. Akavua kofia. Akauliza kitu.

"Anauliza, ni miaka mingapi?" Moraa akasema.

"Kumi na minne."

Natalia akakata mstari kwenye karatasi yake, mstari mrefu, juu ya ukurasa mzima. Nikasema moyoni, shtaka moja limeondoka.

"Sasa aangalie saa yake," nikasema. "Keza, kipenga."

Chumba kilikuwa wazi, mikeka chini, jukwaa limelala. Keza akapuliza. Bertrand akakimbilia kamba. Mikeka ikapanda, maboksi yakateleza, jukwaa tukaliinua na Annick, Léonidas akasahau kwamba hashiriki, akarukia gari akaliingiza. Mlango mkubwa ukashuka. Tukabaki wote barabarani tunautazama. Dakika tano na nusu.

Natalia alicheka kwa sauti kabla ya kukumbuka kazi yake. Akaomba tufungue tena. Tukarudisha kila kitu. Akainama akapapasa mkeka, akageuza upande wa chini, akaniuliza nikimsukia mmoja ni bei gani.

Nilifungua mdomo kutaja bei. Moraa akanikanyaga mguu kwa nguvu zake zote.

"Hauzi," Moraa akasema kwa Kiingereza. "Bibi hafanyi biashara yoyote."

Natalia akatikisa kichwa, akatabasamu kidogo, akaandika. Mawili yameondoka.

Halafu akaanza maneno marefu, kwa upole, mkono umeelekea kwenye jukwaa. Nilimwona Léonidas anapumua. Akawa anaitikia kila neno, "Yes, ma'am. Thank you, ma'am."

"Anasema nini?" nikauliza.

"Anasema chumba kibaki, Mama," Léonidas akasema. Macho yalikuwa yamemjaa maji. "Gari lilale ndani usiku, basi. Ila kwa sababu ya yule jirani aliyelalamika, anaomba watoto wasiruke. Wakanyage polepole. Nimekubali."

Annick akashukuru Mungu. Mkono wake juu ya bega la Keza nao ukashukuru. Na Keza, nilimwona, akajiinua tena juu ya vidole vyake, palepale kwenye zege, kimya, kama mtu anayevaa nguo aliyoizoea.

"Mwambie hapana," nikasema.

"Mama!"

"Moraa, mwambie hapana."

"Bibi," Moraa akanong'ona, "ashakupa chumba. Chukua uende."

"Chumba cha kunyata tulikuwa nacho Irving. Kilikuwa na choo na jiko na dirisha la kuona ndege. Sikusuka mikeka Kwaresima nzima vidole vinatoka damu ili mtoto huyu aje kunyata kwenye rangi ya papai. Mwambie sakafu hii ni ya kupiga kelele. Nimeijenga ipige kelele. Isipopiga nitaichoma kuni. Mwambie kabla ya mwezi wa sita kisigino hiki lazima kiguse chini, au kitatiwa plasta. Na wewe usinitafsirie kwa adabu."

Moraa alitafsiri. Najua alitia adabu, maana yangu yalikuwa mengi na yake yalikuwa machache. Sikungoja. Nilivua ndala, nikashika ukuta, nikapanda jukwaani na magoti yangu yote mawili mabovu.

Kwetu, kwenye harusi, sisi wanawake tulikuwa tunacheza kwa miguu. Mikono inapaa kama pembe za ng'ombe, lakini kazi inafanywa na kisigino. Nilikuwa sijacheza tangu Léonidas aoe. Nikainua mikono. Nikakanyaga.

Bu.

Gereji nzima ikajibu. Kopo la rangi likaanguka kutoka kwenye rafu. Nikakanyaga tena, na tena, kisigino, kisigino, nikaanza kuimba kwa Kirundi bila sauti ya kutosha, na Bertrand akapanda akawa ananizunguka kama mbuzi. Léonidas alikuwa amefunika uso kwa mikono. Kupitia vidole vyake alikuwa anatazama.

"Keza," nikasema, nahema. "Njoo unishike nisianguke."

Hiyo ilikuwa hila. Magoti yalikuwa yanauma kweli, ila nisingeanguka. Mtoto akakimbia. Akapanda, akanishika kiuno, na mwili wangu mzito ukamwegemea. Huwezi kumshika bibi wa kilo themanini na mbili umesimama kwa vidole. Nilihisi visigino vyake vikishuka, kimoja, halafu kingine.

"Sasa pamoja nami," nikasema. "Moja, mbili."

Bu.

Akajitazama miguu. Akamtazama mwanamke mwenye kibao. Akasubiri. Nilijua anasubiri nini. Anasubiri ule ufagio. Haukuja. Akainua mguu mwenyewe, bila mimi, akaushusha kwa nguvu mpaka nywele zake zikaruka.

Bu! Bu! Bu!

Natalia aliinua mkono wenye saa. Nikasema haya, imekwisha. Akamwambia Moraa kitu kifupi, akafunika kalamu yake.

"Amesema ni saa nne na nusu asubuhi," Moraa akasema. "Kanuni ya kelele inaanza saa nne usiku."

"Si ndiyo uliyonisomea?"

"Ndiyo, Bibi. Lakini yeye ndiye amesema."

Léonidas alienda kumfungulia mlango wa gari. Aliporudi alisimama mbele ya jukwaa. Halafu akavua viatu vya kanisani, akapanda na soksi. Ubao mmoja ulivunjika. Ameshaubadilisha.

Barua ya tatu ilikuja wiki mbili baadaye. Jambo limefungwa, gari lilale ndani. Chini yake walikuwa wameongeza kwamba mchicha niliopanda mbele ya nyumba si ua. Nikauhamishia kwenye vyungu. Vyungu havimo kwenye kitabu; nimeshamsomesha Moraa ukurasa wote.

Mwezi wa sita daktari alimtembeza Keza ukumbini, kwenda na kurudi. Shuleni bado anapanda kwenye vidole akiwa na wasiwasi. Lakini mshipa umelegea. Hakuna plasta, hakuna kisu. Daktari akauliza tumemfanyia mazoezi gani, na Annick, ambaye alikuwa anaogopa karatasi, akamjibu, "Tumemnunulia bibi." Sikununuliwa, lakini nimeliacha.

Asubuhi hii Léonidas ameshashusha jukwaa akaenda kazini na gari, na wengine wamelala isipokuwa mimi na Keza. Nimepandia kigoda, kopo liko mkononi. Kutoka gerejini nasikia anashuka jukwaani, anafungua mlango, anakuja kwenye korido, kisigino, kisigino, kisigino, nyumba nzima inamsikia. Mpaka afike jikoni, mimi nimeshakoroga, nimefunika, na kopo liko mahali pake.